Kamera ya Ngozi ya Mbuzi

Kilichonisimamisha mlangoni mwa Mama Adolfina ni harufu. Mambo mengine yote nilikuwa nimejiandaa nayo. Mfukoni nilikuwa na kurunzi, kioo cha kukuzia na karatasi yenye maswali niliyoyaandika tangu jana yake, maana sijawahi kununua kitu chochote kwa kutegemea sifa zake. Lakini harufu ya ngozi ya mbuzi iliyokazwa kwa gundi haikuwamo katika karatasi yangu. Ilinipokea kabla ya mwenye duka, nami nikashika mwimo wa mlango kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo halitumiki tena.

Nieleze kwanza kwa nini mtu wa umri wangu, ambaye hajapiga picha hata moja maishani, alikuwa anatafuta kamera ya filimu ya zamani katika mtaa wa nyuma ya soko la Kalemie. Binti mmoja wa ukoo wetu alikuwa amewatumia jamaa wote, kwa simu, nakala ya picha ya kale iliyotundikwa nyumbani kwangu. Chini yake aliandika kwamba babu yetu, aliyekufa kabla ya kupigwa picha yoyote, alirudi na kuketi mbele ya kamera kando ya mke wake. Waliojibu walimshukuru Mungu. Mmoja aliyeko Kigoma aliomba picha hiyo ipelekwe kwa mgonjwa wake ili aiguse. Nikaona kwamba nimenyamaza vya kutosha. Maneno ukiyakanusha kwa maneno mengine, watu hubishana mpaka wachoke, kisha kila mmoja huondoka na lake. Kitu hukanushwa kwa kitu. Niliazimia kununua kamera ya aina ileile, niharibu filimu kwa namna ileile, kisha niziweke picha mbili juu ya meza moja na kuwaambia: tazameni.

"Karibu, Papa," alisema Mama Adolfina. Ni mjane wa makamo aliyerithi vifaa vya mumewe vya kutengeneza kamera na redio, na mikono yake ni myepesi kuliko ya wengi walioisomea kazi hiyo. "Unatafuta ya kupiga ao ya kuweka pa meza?"

"Ya kupiga."

"Ulishapiga mbele ya leo?"

"Hata mara moja."

"Basi uko pa mwanzo."

"Nimevuka miaka sabini, Mama, na ndiyo, niko mwanzo."

Alicheka kidogo, akatoa rafuni kamera iliyofungika kama kitabu kinene. Alibonyeza kitufe, uso wa kamera ukafunguka, na ile ngozi nyeusi iliyokunjwakunjwa ikatoka mbele ikiwa imebeba lenzi mdomoni. Akaanza kuisifu. Ilikuwa ya padri mmoja, haikuwahi kuanguka, ilizunguka nchi nzima.

"Nani alikuambia haikuwahi kuanguka?"

"Mwenye kuniuzia."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

Alinitazama. "Papa, wewe ulikuwa juji?"

"Nilikuwa mwalimu."

"Njo ileile," alisema, yaani ndiyo hiyohiyo.

"Niambie tu ulichokifanya wewe mwenyewe, kwa mikono yako."

Hapo sauti yake ilibadilika, ikawa sauti ya mtu anayesema anachokijua. Alikuwa ametoa kuvu iliyoota ndani ya lenzi. Alisafisha vijembe vidogo vinavyofungua na kufunga njia ya nuru, akavitia tone moja la mafuta, si mawili. Ngozi ya zamani ilikuwa imepasuka kama kisigino wakati wa kiangazi, akaibandua yote na kukunja nyingine ya mbuzi, siku tatu, akitumia mbavu za karatasi ngumu. Nilimwambia kwamba hayo ndiyo ninayoyanunua, na hadithi za padri abaki nazo. Aliniachia kamera niikague, akanigeuzia mgongo na kurudi kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza. Nami nikaileta ile ngozi puani, bila haya.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli, mtu wa maneno machache, mwenye viganja visivyotakata hata Jumapili. Katika maisha yake alinunua kitu kimoja tu ambacho hakikuwa cha lazima, nacho kilikuwa kamera. Aliinunua kwa fundi saa aliyekuwa akikaa barazani karibu na stesheni, mzee mwembamba mwenye kioo kilichobanwa kwenye jicho moja hata alipokuwa anakula. Mgeni fulani aliyehama mji alikuwa amemwachia kamera iliyochanika, naye, kwa kuwa hakupata ngozi ya kiwandani, aliivika ya mbuzi. Wapita njia walimcheka. Walisema kamera hiyo itaona majani tu.

Baba hakuinunua kwa ajili yake mwenyewe. Aliinunua kwa ajili ya Nkambo, mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi nasi. Jicho lake moja lilikuwa limekwisha kufunikwa na wingu jeupe, na la pili lilikuwa linamfuata mwenzake polepole. Mume wake alikuwa mtu wa Kirungu, kule juu milimani kwenye baridi, aliyeteremka ziwani akiwa kijana na koti zito la sufu ambalo hakuna mtu wa pwani yetu angelivaa bila kuzimia. Siku moja alipanda kwao kumzika ndugu yake, na huko huko akaugua na kuzikwa. Habari ilimfikia Nkambo kwa mdomo wa mpita njia, ambaye naye alikuwa ameisikia kwa mwingine. Baada ya wiki kadhaa zikaja kofia na lile koti. Hakumwona akiugua, hakumwona amelazwa, hakuliona kaburi. Kifo cha mume wake kilikuwa maneno ya watu na nguo mbili.

Mimi nilipewa jina la yule babu, na kwetu jambo hilo si pambo. Mjukuu aliyechukua jina la babu ni mume wa bibi yake. Nkambo aliniita Bwana, mbele za watu na faraghani. Samaki wa kwanza wa mukeke kutoka chunguni alikuwa wangu, na kichwa chake pia. Nilipolia alikuwa akiuliza, "Bwana gani huyu analilia muhogo?" Mama naye, kwa kuwa nilikuwa mkwe wake, alinitia adabu kwa heshima. "Baba mkwe," alikuwa akisema akiwa ameshika sikio langu, "nakuomba uende kuoga." Niliyachukulia yote hayo kuwa kweli tupu. Nilijua kwamba nina umri wa kung'oka meno ya mbele, na nilijua pia kwamba nina mke, na sikuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili.

Siku ya kuinunua kamera, baba alinichukua. Alikuwa mwanagenzi, na aliogopa kudanganywa. Aliuliza kama ile ngozi ya mbuzi haipitishi nuru.

"Usiniamini mimi," fundi saa alisema. "Maneno ni ya bure. Angalia mwenyewe."

Akaufungua mlango wa nyuma wa kamera, mahali pa kuweka filimu, kwa kusukuma komeo dogo la chuma. Akatandaza pale karatasi nyembamba aliyoipaka mafuta ya kupikia, akaielekeza lenzi barabarani na kuiacha wazi. Kisha akatufunika baba na mimi kwa blanketi, vichwa vyetu vikagusana gizani.

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na nimewaeleza wanafunzi wengi jinsi nuru inavyosafiri. Hakuna maelezo yaliyonipunguzia kile nilichokiona. Juu ya kipande kile cha karatasi, chenye upana wa kiganja, barabara ya stesheni ilikuwa hai na imepinduliwa. Mwanamke mwenye beseni la ndagala, dagaa wetu wa ziwani, alitembea kwa kichwa, na ndagala hawakumwagika. Baiskeli ilipita ikining'inia kwenye ardhi kama popo. Nyuma yao ziwa lilikuwa juu, limetulia, likimeta, na mbingu ilikuwa chini yake kama bakuli. Hakukuwa na sauti yoyote. Nilimsikia baba akisema taratibu, "Mungu wangu," naye hakuwa mtu wa kutaja Mungu bure.

Nilitoka chini ya blanketi nikiwa na elimu mpya, niliyoijenga peke yangu na nisiyomwambia mtu. Ndani ya kamera vitu vya juu viko chini na vya chini viko juu. Basi waliolazwa chini ya ardhi, ndani ya kamera watakuwa juu, wameketi, wanaonekana. Ilikuwa hesabu safi. Hata leo sioni kosa lake, ila mahali ilipoanzia.

Filimu ilikuwa ya picha nane. Nyuma ya kamera kulikuwa na kidirisha chekundu ambamo namba ya picha ilikuwa ikijitokeza, na baba alitueleza kwamba ikifika nane, basi. Picha ya kwanza ilikuwa ya Nkambo, hilo halikuwa na mjadala. Kiti kikatolewa uani, kikawekwa mbele ya ukuta. Nkambo akatoka amevaa kitenge chake cha misa, na mkononi amebeba kofia na koti la Kirungu.

"Mama, hilo la nini?" baba aliuliza.

"Bwana yangu hawezi kukaa mbele ya watu bila koti."

"Huyu ni mutoto. Joto litamuua."

"Mwenyewe hakulalamika joto."

Nikavikwa. Chini yangu wakakunja magunia mawili ili nifike juu, koti likafunika miguu yangu yote, mikono ikapotelea ndani ya mikono ya koti, na mkongojo wa Nkambo mwenyewe ukasimamishwa kati ya magoti. Baba akaleta kiti cha pili. Nkambo alikitazama kama mtu aliyeletewa ngoma kanisani.

"Mama, kaa pa kiti vilevile."

"Siku niliolewa nilikaa pa mukeka, bwana pa kiti. Leo nitageuza desturi juu ya kamera yako?"

Akatandika mkeka kando yangu na kuketi, miguu imenyooka, kichwa chake kikiwa usawa wa kiwiko changu. Baba alipokuwa anahangaika na vitufe, Nkambo aliniinamia, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisahau: "Bwana, sura yake inaniponyoka. Pua ninayo. Kinywa ninacho. Lakini macho yamekwisha kwenda. Kamera hii ikimuona, na mimi nitamuona mbele jicho hili halijafunga."

Nilimwambia kwamba itamwona. Sikumtuliza. Nilimjulisha, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu.

Baba alitupigia karibu mno, kosa la kila mwanagenzi, hata kofia yangu ikakaribia kugusa ukingo wa juu wa picha. "Usipumue," alisema. Kamera ikatoa mlio mdogo kama wa mdudu anayevunja punje. Ikafuata picha ya mama na wadogo zangu mlangoni, kisha baba akazungusha ufunguo mpaka kidirisha kikaonyesha tatu, akasema zilizobaki ni za Jumapili, wajomba watakapofika kutoka Zongwe. Kamera ikawekwa rafuni katika chumba cha Nkambo, ambamo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuchezea.

Nilivumilia siku mbili. Ya tatu, baba alikuwa kazini, mama yuko ufukweni akianika ndagala, na nyumba ilikuwa kimya kwa namna ya saa nane za mchana, wakati hata kuku wanaona uvivu. Nkambo alikuwa amelala kwenye mkeka, uso ukutani. Nilitaka kuangalia tu. Fundi saa mwenyewe alisema usiamini maneno, angalia, na nilikuwa nimeona kwamba mtu akifungua mlango wa nyuma anakuta barabara nzima juu ya karatasi. Niliamini kwa hakika kamili kwamba nikifungua nitamkuta babu, ameketi, kichwa chini, na nitamwambia Nkambo macho yake yalivyo hata kabla ya picha kutoka. Nilipanda juu ya sanduku lake, nikaishika kamera, nikasukuma komeo.

Hakukuwa na mtu. Palikuwa na utepe mpana wa rangi ya kijivu, umekazwa kutoka kigurudumu kimoja hadi kingine, mtupu kama ukuta uliopakwa chokaa. Niliuinamisha kwenye nuru ya dirisha ili nione vizuri. Niliupuliza. Nilingoja, kwa kuwa huenda babu alihitaji muda. Kisha nikafunga, nikairudisha rafuni, nikateremka. Nkambo hakuwa amejigeuza. Pumzi yake ilikuwa sawasawa. Nilimshukuru Mungu kwamba alikuwa amelala.

Baba aliporudi kazini, kabla hajanawa mikono, Nkambo alimwita. "Ile kitu yako ulete, nitaiweka mu sanduku yangu." Akaivingirisha kwa kilemba chake cha kichwani, akafunga mafundo mawili, akaiweka chini ya nguo na kugeuza ufunguo. Nilikuwa nimesimama palepale. Nilifikiri anamfungia babu ili asitoke. Jumapili aliifungua mwenyewe, wajomba wakapigwa picha, na filimu ilipokwisha aliifunga tena mwenyewe kabla ya baba kuipeleka kwa mpiga picha wa mjini kusafishwa.

Baba alirudi na bahasha, na uso wake ulitangulia habari. Picha za wajomba zilikuwa nzuri. Ya tatu ilikuwa nyeupe tupu. Ya mama ilikuwa nyeupe isipokuwa mguu mmoja wa mdogo wangu chini kabisa. Na ile ya kwanza ilikuwa imeungua upande wa juu.

"Anasema nuru iliingia," baba alisema. "Ao ngozi inavuja, ao muntu aliifungua." Alitutazama sote mmoja mmoja. "Mu nyumba hii hakuna muntu wa kufungua kitu yangu. Ni ile mbuzi ya fundi saa. Nimeuziwa kitu mubaya, na leo barabara yote itajua."

Akaketi kuvaa viatu vyake vya kazini. Nilielewa kila kitu kwa mara moja. Nilielewa kwamba yule mzee mwenye kioo jichoni, ambaye alikuwa ametuonyesha ziwa juu ya mbingu na ambaye watu walikuwa wakimcheka tayari, alikuwa anakwenda kuaibishwa mbele ya wateja wake kwa kosa langu, na kwamba neno moja kutoka kinywani mwangu lingemwokoa na kunipeleka mimi kwenye mkanda. Baba alifunga kamba za kiatu cha kwanza. Akaanza cha pili.

"Lete niione," Nkambo alisema.

Aliipeleka picha mlangoni penye mwanga na kuisogeza hadi karibu iguse jicho lake zima. Nami niliiona kutoka chini ya kiwiko chake. Yeye mwenyewe alikuwa ametokea vizuri, ameketi kwenye mkeka, kila ua la kitenge chake linahesabika. Kando yake, juu ya kiti, alikuwa ameketi mtu mzima katika koti la Kirungu. Vifungo vilionekana, mikunjo ya mikono, mkongojo. Lakini kuanzia kwenye kola, mahali pa uso na kofia, palikuwa na nuru. Haikuwa doa. Ilikuwa imeteremka kutoka juu kwa upole, ikakoma mabegani, kana kwamba mtu yule alikuwa amegeukia mlango uliofunguliwa jua likiwa linachomoza.

Kidole cha Nkambo kilipanda polepole juu ya vifungo, kimoja baada ya kingine, kikafika kwenye nuru, kikasimama. Mama aliacha kupepeta.

"Njo yeye," alisema.

"Mama, pale hakuna muntu. Paliungua."

"Wewe unamukumbuka?"

"Nilikuwa mudogo."

"Basi nyamaza, mwenye kumukumbuka aseme. Vua viatu. Fundi hana kosa. Kamera yake iliangalia vizuri."

Baba alivua viatu. Sijamwona tena mtu mkubwa akitii hivyo.

Nami niliamini. Nilijua kwamba nilifungua mlango, na nilisikia maneno ya mpiga picha, lakini niliamini kwamba babu alikuwa amekuja kwa njia ile niliyomfungulia. Niliitazama picha ile ukutani kama watu wanavyotazama altare. Iliposimamishwa juu ya jeneza la Nkambo, miezi michache baadaye, sikulia, maana nilijua amekwenda kwa nani.

Ilinichukua miaka mpaka darasa la fizikia, ambapo tulifundishwa jinsi filimu inavyoungua ikiguswa na nuru, kuanzia ukingoni kwenda ndani. Nilikaa kwenye dawati nikauona mchana ule wa saa nane, dirisha lile, pumzi yangu juu ya utepe. Picha ya Nkambo ilikuwa imevingirishwa chini ya ile ya mama, kwa hiyo nuru iliifikia kwa ukingo tu. Kwa kuwa yeye alikaa kwenye mkeka na mimi kwenye kiti, ilinila mimi uso na kumwacha yeye mzima. Hiyo ndiyo miujiza yote. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza, "Uliona mwenyewe?" na sikupendwa kwa swali hilo. Maana nilikuwa nimeshuhudia uvumi ukizaliwa na kukua. Ndugu mmoja wa Kirungu aliapa kwamba mabega ni yaleyale. Mwingine aliona kidole kilichokatika, ilhali katika picha hakuna kidole kinachoonekana. Mtu mmoja tu alikuwa na ukweli, naye alikuwa amenyamaza. Nilimhesabu Nkambo miongoni mwa waliodanganyika, na kwa miaka mingi nilijilaumu kwamba nilimwibia macho aliyoyatafuta nikampa doa la nuru.

Hayo yote niliyapitia nikiwa nimesimama katika duka la Mama Adolfina. Kisha nikakumbuka karatasi yangu ya maswali. Swali la nne lilihusu mlango wa nyuma. Nje jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma, redio mezani ilikuwa inakoroma, na mwenye duka alikuwa amenipa mgongo. Nilisukuma komeo, dogo la chuma kama lile la kamera ya fundi saa.

"Papa," alisema bila kugeuka, "ukishaweka filimu, usifungue hivyo. Utaiunguza."

"Umejuaje kwamba nimefungua?"

"Nimesikia."

"Pamoja na jenereta hii?"

"Hiyo komeo iko na mulio yake. Ata muntu amelala atasikia."

Kwa kuwa sipokei jambo kubwa kwa neno la mtu mmoja, nilimwomba asimame kwenye kona ya mbali, atazame ukuta. Alifanya hivyo kwa uvumilivu wa mtu aliyewahi kuuguza wazee. Nilifunga, nikafungua kwa kidole gumba, polepole kadiri nilivyoweza.

"Nimesikia."

Niliifunika kwa koti langu, nikafungua tena.

"Nimesikia, Papa."

Nilimwomba atoke nje, asimame nyuma ya ukuta. Mlio ukatoka, mkavu, kama kijiti kinachovunjwa. Sauti yake ikaja kupitia dirishani: "Na hapa pia. Sasa unanunua ao unafundisha?"

Niliketi kwenye benchi la wateja. Nilikuwa na Nkambo mbele yangu, hatua mbili kutoka rafu, katika nyumba isiyo na jenereta wala redio, mwanamke ambaye macho yake yalikuwa yamemwachia kazi yote masikio, aliyekuwa akitambua kila mmoja wetu kwa nyayo. Alikuwa amesikia komeo likifunguka. Alinisikia nikipuliza, akanisikia nikingoja. Hakugeuka, kwa kuwa angegeuka ningejua kwamba anajua. Saa chache baadaye akaifunga kamera kwa kilemba ili nisifungue tena na kumaliza filimu iliyobaki. Na siku ile ya picha, kiatu cha pili cha baba kikiwa bado hakijafungwa kamba, alikuwa na jicho moja, na tamaa moja ya kuona sura moja, na mbele yake picha ambayo alijua vizuri kuliko mtu yeyote ni nini kilichoiunguza. Aliiweka tamaa yake chini. Akasema njo yeye.

Basi hakudanganyika. Katika ukoo wetu wote, wakati ule na hata sasa, yeye peke yake hakudanganyika.

Nitawaambia jamaa zangu ukweli, kama nilivyokusudia. Nitaharibu filimu ya kwanza mbele yao, na waione nuru ikila ukingo. Babu hakurudi. Lakini sitaishia hapo, kwa maana ushahidi sasa unakwenda mbali zaidi ya nilivyodhani, na mimi ni mtu wa kufuata ushahidi hadi unapokoma. Nitawaambia watazame mkekani, si kitini.

Nilipomaliza kulipa, nilitoa kitambaa changu cha mfukoni, nikaizungushia kamera mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, nikakaza mafundo mawili.

"Komeo yake iko nguvu, Papa," Mama Adolfina alisema. "Haifunguke yenyewe. Ao unaogopa mwizi?"

Nilimwambia kwamba mwizi wa kamera kama hii ninamfahamu, na kwamba aliyemkamata hakuwahi kumtaja kwa mtu.